Harage la Njano

Binamu yangu wa upande wa Zambia akininong'oneza jambo sokoni Tunduma, huongeza kwa Kiingereza kwamba nisimwage maharage. Maana naijua: nisitoe siri. Lakini mimi udadisi ni ugonjwa wangu. Sisi tunaonyana tusimwage mchele kwenye kuku wengi, na sababu iko wazi, kuku watadonoa. Sasa maharage yanahusikaje?

Tukapekua kwenye simu yake. Kuna wanaosema Wagiriki wa kale walipiga kura kwa maharage, meupe ya ndiyo, meusi ya hapana. Chungu kikimwagika mapema, siri nje. Kumbe wataalamu wenyewe wanaitilia shaka hadithi hiyo. Binamu alicheka. Mimi sikucheka, maana yalishanikuta kijijini kwetu Ndalambo.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Wengine hawajui kusoma, kwa hiyo kila mmoja aliambiwa aje na punje za nyumbani kwake: hindi kwa anayetaka shangazi yangu aendelee, harage kwa anayemtaka mpinzani wake. Shangazi ndiye aliyenilea, nampenda. Ila alikuwa akifokea watu mpaka wakaanza kutoroka kikundi. Nikaficha harage kiganjani, nikalidondosha kwenye kibuyu.

Kibuyu kikamwagwa kwenye ungo. Maharage yalizidi mahindi, tena yote mekundu isipokuwa moja la njano. Pale sote ni wakulima, mbegu ya mtu tunaijua. Ya njano ilikuwa ya shangazi, na aliyegawiwa ni mimi peke yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sijui kama Wagiriki nao walikuwa na mashangazi.

Alilichukua, akalifunga kwenye pindo la kitenge, akampa mkono mpinzani wake aliyeshinda.

Mvua za kwanza ziliponyesha sikuwa na mbegu. Nilizunguka siku tatu nikiogopa kwenda kwake, mwishowe nikaenda. Alinijazia kopo la maharage ya njano bila kuuliza kitu. Kisha akaingia ndani, akarudi na punje moja, akaiweka juu ya zile nyingine.

"Hili ni lile lako, nalo kalipande," alisema. "Ila siku nyingine ukija kupiga kura, mwanangu, kanunue maharage dukani."