Maisha ya Shangazi Aliyefagia Uwanja Msafi

Alizaliwa Jumanne, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi viatu, akiwa mtoto wa sita. Wazee wa ukoo wanashuhudia kwamba hakulia. Aliukodolea macho upindo wa nguo ya mkunga, uliokuwa umefumuka. Hapo wote wakajua kuwa huyu atakuwa fundi cherehani, na kwamba atawasumbua watu.

Akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na watoto watatu na cherehani. Kisha mgongo ukamlaza mwaka mzima, wateja wakahamia kwingine, na ndipo alipoitwa. Wito haukutoka mbinguni bali Ofisi ya Kujitegemea, iliyotoa gunia la unga kila mwezi kwa yeyote aliyekubali kufundishwa kazi. Mwanamke aliyeshona tangu utotoni akafundishwa kufagia uwanja wa ofisi, kila siku mpaka saa tisa alasiri, kwa mgongo uleule. Uwanja ulikuwa wa saruji, hauna hata mti mmoja. Kila siku wanne walikuwa wameshaufagia kabla yake, na wawili waliufagia tena baada yake. Alivumilia miezi minane, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfanya mtakatifu.

Jaribu kuu lilimjia wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa. Mwalimu mkuu alimpa sare sabini azishone. Akiwahi, sare za shule zingekuwa kazi yake kila mwaka. Akichelewa, basi tena. Akaenda kwa karani kuomba ruhusa.

"Mama, ukikosa siku tatu unafutwa."

"Lakini baba, nakwenda kufanya kazi."

"Kazi gani?"

"Kushona."

"Hiyo haimo kwenye fomu. Kuna kufagia na kumwagilia bustani."

"Bustani yenyewe iko wapi?"

"Bado haijaja."

Mtakatifu akaulaza ufagio mezani, juu ya fomu. "Basi fagia wewe, mwanangu, mimi nikajitegemee."

Siku ya nne akafutwa. Watoto wakala uji asubuhi, uji mchana, na jioni wakaulizwa kama wamesahau ladha ya uji. Sare ya sabini ilivaliwa asubuhi ya kufungua shule, ikiwa bado na joto la pasi.

Hajafariki, jambo linaloharibu kidogo utaratibu wa maandishi ya namna hii. Lakini muujiza upo. Mwaka uliofuata Ofisi ilimtembelea, ikaja na mgeni na mpiga picha, ikamwita tunda la mpango wake. Karani alibeba ufagio ili mama aushike.

"Mwambie mgeni tulivyokusaidia."

"Mlinifuta," akajibu. "Msaada mkubwa sana. Wafuteni na wenzangu, ila muwaachie unga mpaka wamalize kushona."

Karani akaandika: *Amefuzu.*

Picha yake ingali ukutani mwa ofisi, na nje watu saba wanaufagia uwanja. Nasi tumuige: penye uchafu tufagie kwa moyo wote, na pasipo na uchafu tukumbuke alipouweka ufagio.