Yupo, Yuko, Yumo

Mwaka wa kwanza chuoni nilisinzia sana, na wala haukuwa uvivu. Ukumbi wetu wa mihadhara uko juu mlimani, madirisha yake yanatazama nyanda za Dodoma zilizolala kimya, na upepo wa saa nane mchana huingia na vumbi laini na usingizi. Mhadhiri wa falsafa alizungumza kwa Kiingereza juu ya kuwepo na kutokuwepo, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nilielea kati ya maneno yake na mawingu, na sikutaka kushuka.

Nilikuwa nimekwenda kusomea ualimu. Falsafa ilikuwa somo la pembeni tu. Nyumbani Haneti walicheka. Kwetu neno hilo lina kazi moja: mtu akizidisha maneno, anaambiwa aache falsafa zake. Mama alinitazama juu mpaka chini.

"Yaani unakwenda kusomea kile ninachokukataza kila siku?"

Alasiri moja mhadhiri aliacha Kiingereza, akatuuliza kwa Kiswahili mtu aliyepo tunasemaje kwamba yupo. Tukajibu: yupo, yuko, yumo. Akatabasamu. Tazameni, akasema, lugha yenu haimkubali mtu awepo hivi hivi. Lazima awe mahali: hapa, huko, au ndani. Kisha akauliza, "Na aliyekufa je? Mnampa ipi?"

Wenzangu walicheka. Mimi nikaamka kabisa.

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama hakuwa amelitamka jambo hilo hata mara moja. Hakusema amekufa, hakusema marehemu, hata hayupo hakusema. Ukimuuliza habari za baba alikujibu habari za mvua, au za mbuzi, au za alizeti. Siku ya mazishi alipika, akagawa chakula, akaosha vyombo vya watu. Nilimwogopea sana. Niliamini neno lile limemkaa kooni, na asipolitoa litamsonga.

Likizo ya mavuno nilirudi na maneno yangu matatu. Tulikuwa uani tunapepeta uwele, makapi yakielea juani yakikataa kutua, nikajikuta nasema:

"Mama, baba hayupo. Sema tu, utapata nafuu."

"Acha falsafa zako," akanijibu, akaendelea kupepeta.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, alikuja mzee mmoja mfugaji, Msukuma aliyeishi zamani kule Bahi. Alikuwa swahiba wa baba tangu walipokuwa vijana wa kuswaga ng'ombe mnadani, lakini miaka ya karibuni alikuwa amehamia mbali kusini na mifugo yake, na habari zetu hazikumfikia. Nilimpa shikamoo. Mama, ambaye ni Mgogo, akamsalimia kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya nyumbani kwa yeyote kati yao wawili, na salamu zikaenda taratibu, zikapita kwa watoto, zikapita kwa mifugo, zikafika mwisho.

"Shemeji," mzee akasema, "mwenyewe yupo?"

Ungo aliokuwa akipepetea ulisimama mikononi mwa mama.

"Yumo," akasema.

Yumo wapi, sijui mpaka leo. Mzee naye akafanya kile ambacho yeyote anayejua Kiswahili angefanya. Akavua makubazi, akaegemeza fimbo ukutani, akainama kuingia kwenye tembe yetu ya udongo, ambayo baba aligoma kuivunja hata baada ya kujenga nyumba ya bati. Humo ndimo alimopenda kupumzika mchana.

"Hodi, swahiba! Bado unalala tu?"

Tulimsikia akicheka peke yake mle ndani. Akaita tena. Mama alikuwa amekaza macho mlangoni, na naapa, kwa kitambo kidogo hata mimi nilingoja sauti ya baba imkaribishe.

Mzee akatoka, uso umeparama.

"Shemeji, mbona hakuna mtu?"

Ungo ukamponyoka mama, uwele ukamwagika.

"Hayupo," akasema. "Hayupo, shemeji. Tulimzika."

Akalia kwa sauti, kilio chote ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mzee akaketi mchangani, miguu peku, akalia naye.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilikichukia. Muda wote mama alipokataa kulitamka neno lile, kumbe mimi pia nilikuwa bado na baba. Sasa nilikuwa yatima kama watu wengine.

Jua lilipopoa, mgeni akiwa amelala kidogo mle mle ndani ya tembe, tulianza kuuzoa uwele na kuchambua mchanga. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka wa uani na macho mekundu, lakini mabega yake yameshuka.

"Huko chuoni kwenu," akauliza, na safari hii hakuwa na mzaha, "mtu akifa mnasema yuko wapi?"

"Bado tunabishana," nikasema. "Mimi nasema yumo."

Akarusha uwele, akaupokea, akapuliza makapi.

"Acha falsafa zako," akasema. Kisha akasogea, akapigapiga mkeka kuniashiria nikae, upande ule wa baba ambao tangu mwaka jana hakuna aliyethubutu kuukalia.