Kordi ya Tatu

Mjomba wangu, kaka yake mama, alinifundisha kordi tatu za gitaa lake la boksi, nami nikajifunza mbili. Ya tatu niliiona kero. Ilitaka kidole cha pete kiende mahali ambapo kidole cha pete hakipendi kwenda, na wakati ule nilikuwa tayari mwalimu wa kwaya Shinyanga mjini, napiga kinanda kwa vidole vyote kumi, watu wananiita mwalimu hata sokoni. Sikuona kwa nini nijiumize kwa ajili ya boksi lenye nyuzi tatu. Nikamwambia nitaimalizia siku nyingine. Akasema haya, akaniwekea chai.

Boksi lenyewe lilikuwa la mbao nyembamba, la sigara zile nene za wazungu. Ujanani mjomba alikuwa mpishi kwenye kambi ya watafiti wa madini upande wa Geita, na mmoja wa wageni wale alipomaliza sigara zake alimpa boksi awekee chumvi. Hakuweka chumvi. Alilitoboa tundu, akaliunga na mpini wa mninga, akapanga vipande vya njiti za mwavuli juu ya mpini ili vidole vijue pa kubana, akachonga vigingi vitatu vya kukazia nyuzi. Nyuzi za kwanza alizichambua kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli yake mwenyewe. Ndiyo maana siku alipokwenda kumwona msichana aliyekuja kuwa mkewe, alishuka kijiteremko bila breki akaishia ndani ya minyaa ya ua wa baba mkwe, baiskeli ikiwa juu yake. Aliitungia wimbo aibu hiyo. Katika wimbo msichana anamuuliza, "Umekuja kuposa au kubomoa ua?" Kila alipofika hapo mkewe alicheka, miaka yote ile, utadhani ndiyo kwanza anausikia.

Gitaa lilipata sauti yake kutoka kwenye wimbo huo. Gitaa la dukani lina nyuzi sita, na kila uzi una mahali pake panapojulikana na kila mpigaji. La mjomba halikufuata utaratibu huo. Alimwambia mkewe aimbe, na pale sauti yake ilipoanzia akakazia uzi mnene. Ilipopanda juu kabisa akakazia uzi mwembamba. Uzi wa kati aliuweka pale mkewe alipopenda kutua katikati ya ubeti, na mahali hapo kwenye kinanda changu hapapo. Niliwahi kupatafuta kwa ubishi tu. Pako baina ya mi na fa. Nyuzi zikiwa wazi, bila kidole chochote, tayari unapata kordi ya kwanza. Ya pili unalaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote tatu, huna zaidi ya hapo. Ya tatu ndiyo ya vidole viwili, kila kimoja kwenye njiti yake, na ndiyo inayobeba lile swali la msichana.

Baada ya kambi alihamia Runzewe, akafanya kazi miaka mingi kwenye makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Alijaza masikioni pamba aliyoitoa nyumbani Samuye, akiamini inatosha. Haikutosha. Aliporudi Samuye moja kwa moja ilibidi umguse bega ndipo ajue umefika. Lakini gitaa aliendelea kulipiga. Alilikumbatia mpaka kidevu kikagusa ubao, na alisema analisikia kwa mifupa. Asichoweza tena ni kukaza nyuzi, na kazi hiyo ikawa ya mkewe. Uzi ukikatika, mjomba alifunga mpya, akazungusha kigingi taratibu huku akimtazama mkewe usoni. Mkewe akiinua mkono, mjomba anaacha.

Mkewe alipofariki, mjomba alituita sote uani, wanawe na sisi wapwa, akalinyanyua gitaa juu.

"Vigingi hivi asiguse mtu," alisema. "Uzi ukikatika, basi, umekatika. Ila vigingi asiguse mtu."

Nilimsikia vizuri. Masikio yangu mimi ni mazima.

Mwaka ukapita, tukaandaa ibada ya kumbukumbu ya marehemu, na kwaya yangu ikaombwa ije kuimba. Mjomba alisema yeye atapiga wimbo wa mkewe, ule wa baiskeli, halafu kwaya iupokee. Wazo zuri. Tulifika Samuye jana yake na kinanda juu ya bajaji, nikajaribisha. Kinanda na gitaa havikukubaliana hata kidogo. Nikajisemea kwamba nyuzi zimelegea, mwaka mzima hazijakazwa, na mzee hasikii, atajuaje? Nikajisemea pia kwamba wageni watakuja kutoka mjini, na mimi ndiye mwalimu. Sasa hivi nikikumbuka naona wazi kwamba sababu ya pili ndiyo iliyonisukuma.

Mjomba alikuwa amekwenda zizini kutazama ng'ombe wa kuchinja. Nikaingia chumbani kwake, nikalitoa gitaa kwenye msumari, nikakaa kitandani kwake. Nilikuwa na programu kwenye simu ya kutyunia magitaa, yaani kuzipatia nyuzi sauti sahihi. Unapiga uzi, inakuonyesha herufi na sindano, sindano ikisimama katikati kunawaka kijani. Uzi mnene niliupandisha kidogo. Uzi mwembamba kidogo. Uzi wa kati, ule ambao siku zote niliuona una kasoro, niliupandisha hadi sol safi kabisa. Kabla sijazungusha kigingi, simu ilionyesha uzi ulipokuwa. Ilionyesha herufi na namba, ziko pale mbele ya macho yangu. Sikuzisoma. Nilikuwa nangoja kijani.

Nikapiga nyuzi wazi, kordi ya kwanza, tamu kuliko zamani. Nikalaza kidole, kordi ya pili, tamu. Sikuijaribu ya tatu kwa sababu sikuijua. Nikalirudisha gitaa kwenye msumari, nikatoka nje nimeridhika na nafsi yangu, nikaenda kusaidia kuchambua mchele.

Kesho yake, baada ya mahubiri, mjomba alikaa kwenye kiti chini ya turubai, suti yake ya kahawia, kidevu juu ya boksi. Akaanza. Mwanzo ulikwenda vizuri, kijana niliyemwachia kinanda akaingia, nikawatazama wanakwaya wangu kwa macho ya mmeona? Ubeti wa kwanza akashuka mteremko. Akapoteza breki. Akafika kwenye minyaa, vidole viwili vikaenda mahali pake, na sauti iliyotoka sijui niielezeje. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa kama bati linavutwa juu ya sakafu. Yeye akaendelea kuimba swali la msichana kwa furaha yake yote, macho amefumba, na gitaa likamkataa neno kwa neno.

Wanawake waliokuwa kwenye masufuria waliangua kicheko kabla hawajakumbuka ni siku gani. Mtu akasema, "Mzee amechoka jamani." Mpiga kinanda wangu akaacha. Mjomba alifungua macho akaona nyuso zetu. Huyu ni mtu aliyekuwa anasoma nyuso miaka na miaka, alisoma uso wa mkewe kila uzi ulipokatika, kwa hiyo hatukuweza kumficha. Alisimamisha mkono. Akairudia ile kordi peke yake, polepole, kidevu amekigandamiza kwenye ubao. Halafu akanitafuta mimi.

Nilirithi jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mayu, mama, tangu sijajua kutembea.

"Mayu," alisema kwa sauti kubwa, maana hajui tena sauti yake ina ukubwa gani. "Mayu, uligusa vigingi?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Kwaya yangu, mchungaji, mama yangu mzazi. Nikatikisa kichwa.

Aliniamini. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo, kwamba hakusita hata kidogo. Aliiinamia mikono yake, akaifungua na kuifunga, akaigeuza akatazama viganja, na nikaona anafikia uamuzi. Kwamba ni vidole. Kwamba baada ya masikio sasa ni zamu ya vidole. Akalilaza gitaa chini pembeni ya kiti, akatuashiria tuimbe wimbo mwingine, na tukaimba.

Jioni, tukipakia kinanda, alikuja na gitaa limefungwa kwenye kitenge cha marehemu.

"Chukua wewe," alisema. "Wewe bado una mikono."

Nikalichukua. Nilipaswa kusema pale pale, uani, kwa vidole, kwa ishara, kwa namna yoyote. Badala yake nikasema asante na kupiga goti.

Samuye si mbali na mjini. Kwa miaka miwili nilikwenda Krismasi, nikaenda Pasaka, nikaenda alipougua mgongo. Kila mara nilimshika mikono nikasema shikamoo na yeye akasoma midomo yangu akasema marahaba mayu, na kila mara alikuwa amekaa tu. Binti yake, ninayemwita dada, aliniambia mzee siku hizi hata kukamua haendi. Ukimwambia atengeneze jembe anasema mikono imekwisha. Dada alimfungia mpaka vifungo vya shati. Nilisikia hayo nikajikausha, nikauliza habari za mvua.

Nyumbani nilijaribu kulirudisha. Nilidhani ukijua ulipotoka utarudi. Nilizungusha kigingi cha kati kushuka, nikasimama baina ya mi na fa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba baina ya mi na fa ni kupana. Kila mahali paliweza kuwa ndipo. Nilipekua simu yangu. Nina rekodi za kwaya mamia, mazoezi na harusi na makongamano, na hata moja ya mjomba sina, kwa kuwa kila alipopiga mimi nilikuwa nangoja amalize. Nikajisemea kwamba ningeijua kordi ya tatu ningeweza kuibana, nikazungusha kigingi mpaka ipatane, na uzi ungerudi nyumbani wenyewe. Mwenye kordi ya tatu alikuwa mmoja tu.

Kordi hiyo ndiyo iliyonipeleka, sitajisifu kwamba ni dhamiri. Nilikwenda Jumamosi mchana na bodaboda, gitaa mgongoni ndani ya kitenge kile kile, na daftari. Mjomba hasikii lakini anasoma, alifundishwa kambini. Nilikaa naye barazani nikaandika. Kusema ni rahisi kuliko kuandika. Maneno ya mdomo unaweza kuyatupa tupa haraka haraka. Niliandika sentensi tatu. Kwamba mimi ndiye niliyegusa vigingi, jana yake ya ibada. Kwamba nilitikisa kichwa kukataa na nilikuwa nasema uongo. Kwamba gitaa ndilo lililokosea, si yeye.

Akavaa miwani. Akasoma midomo ikicheza, akarudia tangu mwanzo, na mimi nikatazama sakafu nikisubiri kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Kumbe si vidole," alisema.

Nikainua uso. Alikuwa anacheka.

"Wewe!" akamwita binti yake aliyekuwa jikoni, kwa sauti ya kufika barabarani. "Wewe, njoo! Si vidole! Vidole vyangu vizima!" Akanyanyua mikono yote miwili kumwonyesha, akaikunjua na kuikunja. Binti yake alitoka na mwiko mkononi, akasoma daftari, akanitazama mimi. Akarudi jikoni.

Mjomba alikwisha kulifungua gitaa. Alilikumbatia, kidevu juu ya ubao, akapiga nyuzi wazi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akalaza kidole, ya pili. Nikavuta kiti karibu, nikashika kigingi cha kati, nikamwonyesha kwa mikono kwamba abane ya tatu, mimi nitazungusha, nitasikiliza, nitapapata. Niliona ajabu jinsi ilivyokuwa rahisi.

Alipeleka vidole viwili kwenye njiti. Akapiga. Akavitoa. Akavisogeza mbele kidogo, akapiga, akavirudisha nyuma. Akabadilisha kidole cha pete na cha kati. Alitazama ule mkono wa kushoto kwa muda mrefu, mkono ambao kwa miaka miwili haukubana kitu kwa sababu yangu. Halafu akanigeuzia gitaa lote, mpini mbele yangu, vidole vyake vikielea juu ya njiti za mwavuli bila kutua, na akaniuliza kwa upole kabisa, jinsi unavyomuuliza mtu aliyekuwepo.

"Mayu, nilikufundisha. Ni hapa, au ni hapa?"

Nikatikisa kichwa.