Nilisema Barua Aliipeleka Kaka Yake

Admin, nifichie jina. Nina miaka sitini na nne, nimestaafu, naishi Masasi, na wanaonipa shikamoo sokoni hawajui wanamsalimia nani. Mtakaonitukana kwenye komenti nitukaneni, ila msipite bila kunijibu, maana nimefika mwisho wa akili yangu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa ofisa ustawi wa jamii Newala. Ndiyo wakati wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia vijijini, na huku maofisini watu wanapunguzwa kazi. Kila wiki unasikia fulani naye kaondolewa. Nilikuwa na watoto watatu na mume hana kazi, nikawa naishi kwa hofu.

Asubuhi moja akaja mama mmoja, jicho limeziba kwa uvimbe, kasindikizwa na kaka yake. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, kwa hiyo shida ile ilikuwa yake. Na mimi, jamani, swali la kwanza nililomuuliza yule mama ni, "Kwani umemkosea nini mwenzio?" Akajibu, "Maji, Mama. Nilichelewa kisimani, nikakuta ameshafika nyumbani." Mnaoijua shida ya maji ya Newala mnaelewa mtu anaweza kuchelewa kiasi gani.

Nikaandika barua ya wito, mume afike ofisini Jumatatu. Nikampa yule mama mkononi, ampelekee mwenyewe. Ndivyo tulivyofanya kazi, mlalamikaji anabeba wito wake. Kaka yake akasema kwa upole, "Mama, samahani, hii si ingepelekwa na mgambo? Au nipe mimi, yeye abaki kwangu kwanza." Nikamjia juu. "Ofisa ni wewe au mimi? Mke akikimbia nyumba tutawapatanishaje?" Yule mama akaifunga barua kwenye pindo la khanga, wakaondoka.

Alimpa mumewe siku ileile. Mume akampiga vibaya, na siku ya tatu yule mama akafariki hospitalini. Mwanamume alivuka Ruvuma akapotelea Msumbiji, hajaonekana mpaka leo.

Bosi wangu akaniita mbele ya ndugu wa marehemu, akauliza barua ilimfikiaje mume. Nikaliona akilini jina langu kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nikasema, "Nilimkabidhi kaka yake. Yeye ndiye aliyeipeleka." Yule kaka akanitazama, akasema, "Mama, sema kweli." Nikarudia uongo wangu kwa sauti kubwa zaidi. Nani angemwamini mkulima amwache ofisa? Ukoo ukamgeuka, kwamba kamchokoza mwanamume kwa barua kisha kamwacha dada yake peke yake. Hata mtoto aliyeachwa, binti wa miaka mitano, walikataa akae kwake. Akapelekwa kwa mama yake mkubwa huku Masasi.

Nilipohamishiwa Masasi nilimtafuta yule binti. Nilimnunulia sare, madaftari, nikasimama naye mpaka akamaliza chuo. Ananiita Mama. Binti yake wa kwanza kampa jina langu. Watu husema nina moyo. Moyo gani! Nilikuwa najificha nyuma ya wema, na kweli nilimpenda, ndiyo taabu yenyewe.

Sasa mjomba wake anaumwa, hainuki kitandani. Mwezi uliopita nilipanda Newala kumpigia magoti. Alinitambua. Nikamwambia nitapita kila nyumba ya ukoo kumsafisha jina. Akatikisa kichwa. "Waliokuwa wakinisema wengi wamekufa, Mama. Utanisafisha kwa nani? Mimi namtaka mtoto wa dada yangu aje nimwone. Basi."

Nikarudi nikamwomba binti aende. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Mama, niombe chochote, si hicho. Yule ndiye aliyemuua mama yangu. Wewe ndiye uliyetaka kumwokoa." Akanikumbatia huku analia, na mimi, mshenzi mkubwa, nikamwacha anikumbatie. Jumapili nilijaribu tena, nikaishia kumuuliza kama mtoto wake amepona mafua.

Jana mke wa mjomba amenipigia simu. Mzee hali tena, lakini akisikia sauti ya mwanamke uani anauliza kama ni mpwa wake. Nilikata simu nikakaa jikoni nimeshika kisu na kitunguu, nisijue nilikuwa napika nini.

Nikisema, binti ataondoka kwenda Newala na mimi sitamwona tena, wala mjukuu anayeitwa kwa jina langu. Nisiposema, yule mzee atakufa hajamwona, kwa kosa ambalo hakulifanya. Msiniandikie "mama sema ukweli", hilo nalijua tangu nikiwa na miaka thelathini na tano. Kesho binti anakuja kuniletea dawa zangu za presha. Ataingia, atanipa shikamoo, atakaa mbele yangu. Wapendwa, nisaidieni hapo tu: neno la kwanza nimwambie lipi?