Siku Serikali Ilipokuja Kuangalia Umaskini wa Shosho

Sijui nilimwambia shosho mara ngapi: wageni wakija, usifanye lolote, kaa tu ulivyo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia awapokee akiwa anaoga.

Wageni wenyewe walikuwa wa serikali. Shosho, mzaa mama yangu, alikuwa ameomba pesa za wazee kwa chifu hapa Kitengela, na kabla ya kuandikishwa lazima mtu aje nyumbani ahakikishe kwamba kweli huna kitu. Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Chumba chake cha mabati kilikuwa kikilipiwa na mjomba wangu anayeishi Gataka, na biashara ya mjomba ilikuwa imelala. Mjomba alisema kwa upole, lakini alisema: pesa za wazee zisipopatikana, shosho anahamia kwake, alale na watoto. Kwa shosho hicho kilikuwa kifungo.

"Nitaenda Gataka nifanye nini?" aliniuliza. "Hapa niko kwangu. Kule itakuwa shosho sogea, shosho kula, shosho lala."

Basi siku hiyo nikafunga kibanda changu cha mitumba mapema, nikawahi kwake kabla ya wageni. Nilipoingia nilidhani nimekosea nyumba.

Kulikuwa na kochi. Tena si moja, mawili, na vitambaa vyeupe vya kufuma vimetandikwa juu yake vikanyooka. Kulikuwa na zulia. Kulikuwa na televisheni pana ambayo haikuunganishwa popote, imewekwa tu iwaangalie watu. Flaski mbili, vikombe na visahani vyake. Shosho mwenyewe alikuwa katika nguo ya kanisani, na shingoni amevaa shanga za jirani yake wa mlango wa pili, mama wa Kimaasai ambaye yeye humwita yeiyo, yaani mama, ingawa wanalingana umri.

"Shosho, umefanya nini?"

"Si wageni wanakuja?"

Na ndivyo tunavyoishi katika ploti ile ya vyumba vya kupanga. Mgeni wa mmoja ni wa wote. Watu wa posa wakija kwa jirani, viti vyetu vinatoka. Pasta akija kwetu, zulia la yeiyo linaingia. Hakuna anayeuliza mgeni amekuja kwa nini. Ploti nzima ilikuwa imejihamishia kwa shosho tangu asubuhi, kwa moyo safi kabisa, kumharibia.

Kabla sijaondoa hata kikombe kimoja, hodi ikapigwa. Wakaingia mzee wa mtaa na afisa, msichana mwenye tableti kwapani. Alipoliona zulia akavua viatu.

Akapewa kochi, akapewa chai na chapati. Akaanza kubonyeza. "Televisheni, iko. Makochi, yako."

"Si yake!" nikaropoka.

Shosho akanikazia macho. Kwake yeye, kumwambia mgeni kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima ni kumtukana.

Afisa akatabasamu kwa uchovu. "Kila nyumba naambiwa hivyo, dada."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikatoka, nikasimama katikati ya ploti, nikapaza sauti: "Kila mwenye kitu kwa shosho aje achukue! Saa hii!"

Wakaja, mwanzoni kwa aibu. Fundi wa viatu akaikumbatia televisheni yake. Mama wa chumba cha mwisho na mumewe wakabeba kochi la kwanza, wakarudi kuchukua la pili, na afisa akajikuta amesimama, kikombe mkononi, kiti chake kinapita mlangoni. Yeiyo akaingia, akamsalimu "Takwenya" kwa adabu zote, kisha akamwomba ainue mguu wa kushoto, sasa wa kulia, akalivuta zulia. Shosho alipotaka kuvua shanga, yeiyo akamzuia. "Hizo kaa nazo."

Mzee wa mtaa ndiye aliyeanza kucheka. Afisa akafuata mpaka chai ikamwagika. Shosho alijaribu kununa, ikamshinda, akacheka hadi akashika ukuta. Ndani kilibaki kitanda, jiko, mtungi wa maji na kigoda kimoja, na afisa akakalia hicho kigoda.

"Sawa shosho. Uko na mtu wa kukusaidia?"

Swali hilo nililijua, na jibu lake kila mtu analijua. Unasema huna.

"Niko nao," akasema shosho. "Si umewaona wakipita na viti?"

Kicheko kikakatika. "Shosho, nikiweka hivyo hautapata."

"Mwanangu, wako hapo mlangoni wanasikia. Nikisema sina watu, wao ni nini?"

Nilitaka kumziba mdomo, na papo hapo nilitaka kumbusu. Sijawahi kumwonea mtu fahari na kumkasirikia kwa wakati mmoja namna ile. Afisa akatazama mlangoni.

"Nyumba nani analipa?" akauliza hatimaye.

"Kijana yangu. Lakini amechoka, kazi imekuwa mbaya."

"Na wewe, kuna pesa yoyote inaingia?"

"Hakuna."

"Basi hiyo ndiyo naweka. Hawa wa viti, huku kwenye tableti hakuna mahali pa kuwaandika."

Miezi ikapita, tukaanza kukata tamaa, kisha shosho akakubaliwa. Pesa zilikuwa za kutosha kodi tu, chakula tungejijua wenyewe, lakini ploti nzima tulirukaruka kama watoto. Siku alipozitoa hakutaka nimsindikize. Alivaa shanga, akampelekea mwenye ploti kodi kwa mkono wake, akampigia mjomba simu kumwambia apumzike sasa.

Mimi nilikuwa ndani nikimsubiri na chai. Nilimsikia akifika, nikangoja aingie, asiingie. Nikachungulia dirishani. Shosho alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, peke yake, amenyooka. Akabisha hodi.

"Karibu kwako," akajijibu, akaingia.