Samli Iliyoshika Harufu

Enzi za Mwingereza, nikiwa kigoli bado, nilikuwa dukani Ikungi nikingoja kupimiwa chumvi. Bibi mmoja akaweka kibuyu cha samli kwenye kaunta, anauza. Mwenye duka akakizibua, na kabla ya kumimina kwenye debe akanusa, kama kawaida yake. Akarudi nyuma hatua nzima.

"Bibi, humu mna nini? Mbona kunanukia mtoto mchanga?"

"Mtoto gani, baba? Samli ya mke wa mwanangu hiyo. Imejikalia tu uvunguni."

Tuliokuwa pale nasi tukanusa. Kweli, kichanga kabisa, kimetoka kuogeshwa. Hakuna aliyecheka.

Mara mke wa mwanawe mwenyewe akaingia mbio, miguu vumbi tupu.

"Mama, hicho usiuze! Kaka, usimimine!"

Tulimjua. Miezi mitatu nyuma alikuwa amemzika mwanawe mchanga. Akakikumbatia kibuyu.

"Padre alituambia kwao Ufaransa, mji wa Grasse, wanalaza maua juu ya mafuta mpaka mafuta yashike harufu. Mimi maua sina. Nililaza nguo yake."

Mama mkwe akafunika mdomo kwa kiganja. Mwenye duka akamrudishia mfiwa kizibo kwa mikono miwili. Alipogeuka, tukaona kaniki yake imelowa maziwa kifuani.

Wajukuu wananiambia mji ule wa Grasse bado unauza harufu dunia nzima. Wauze tu. Mimi samli ya dukani mpaka leo nanusa kwanza, na nikinusa, mkono huenda wenyewe kifuani.