Abakosti ya Saa Mbili

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, watoto wanne na mashine moja ya kushona, nilipojiandikisha kwa mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Niliacha shule mwaka wa tano wa sekondari kwa sababu ya mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Sasa huyo mtoto alikuwa ameshapata diploma yake, akaitundika ukutani mbele ya kiti changu. Kila nilipokaa kula, ilinitazama. Basi nikajiandikisha kama autodidacte, yaani mtu anayejisomea mwenyewe, asiye na shule wala umri.

Kifaransa hakikunisumbua. Jiografia niliimeza. Hesabu ndizo zilizonikataa, na zaidi zile za wafanyakazi: fulani analima shamba kwa siku kadhaa, mwenzake kwa siku kadhaa, wakilima pamoja je? Nikamtafuta mwalimu mmoja mzee, aliyefundisha hesabu kule Lubero maisha yake yote, akahamia Butembo baada ya baridi ya Lubero kumwingia magotini. Kila alasiri alikuja kwenye atelier yetu, akakaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, akanisomea mazoezi nikiwa nashona.

Atelier ilikuwa ya mama mkwe. Ilikuwa na mashine mbili, moja yangu na moja ya wifi yangu, dada ya mume wangu. Hatukuwa tunagombana. Tulikuwa tu na mikasi miwili, chaki mbili, futi mbili za kupimia, na salamu moja ya asubuhi iliyotutosha mpaka jioni. Mimi nashona polepole, mshono wangu hauonekani. Wifi anashona kama mtu anayekimbia mvua.

Siku moja mwalimu akafungua daftari, akasoma:

«Fundi mmoja anashona vazi kwa saa sita. Fundi mwingine analishona kwa saa tatu. Wakilishona pamoja, watamaliza kwa saa ngapi?»

Nilijua mara moja nani alikuwa wa sita na nani wa tatu. Nikajibu bila kalamu: «Tisa.»

«Tisa? Donc, ukipata musaidizi, kazi inaongezeka?»

«Mwalimu, haujajua musaidizi mwenyewe.»

«Niko nasikia,» wifi akasema bila kuinua kichwa.

Mwalimu akanieleza kwa upole. Kwa saa moja, wa kwanza anafanya sehemu moja ya sita. Wa pili anafanya mbili za sita. Jumla ni tatu za sita, ndiyo nusu. Nusu kwa saa moja, nzima kwa saa mbili.

Wifi akasimamisha mashine. «Mwalimu, pardon. Ile nusu, ni nusu gani?»

«Nusu yoyote, mama.»

«Nguo hapana shamba. Shamba utagawanya na kamba. Nguo inavaliwa na mutu mumoja.»

Nikajikuta nakubaliana naye. Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyevaa viatu vya jirani bila kujua.

Mwalimu hakulala vizuri siku hiyo, aliniambia baadaye. Kesho yake alikuja na kitambaa cha kijivu alichokuwa ametunza kwa ajili ya arusi ya mtoto wake wa kiume huko Beni. Alitaka abakosti, lile koti la kola fupi ambalo wazee wa kwetu wanavaa bila tai. Akaweka kitambaa kwenye meza, akaweka simu yake juu yake.

«Mutashona babili, saa mbili. Hesabu haina wivu.»

Kila mmoja akampima kwa futi yake, maana hakuna aliyeamini ya mwenzake. Mimi nilimpima akiwa amevuta tumbo ndani kwa heshima. Wifi alimpima alipokuwa ameanza tena kueleza visehemu, na tumbo lote limetoka nje. Tukakata kitambaa katikati. Mimi nikachukua upande wa kushoto, yeye wa kulia. Mwalimu akabonyeza simu, akasema, «Commencez!»

Sijawahi kushona vile. Sikunywa maji. Wifi naye hakwenda hata nje. Wateja walisimama mlangoni, wakaona mzee amesimama kati ya wanawake wawili na simu mkononi, wakaondoka bila kuuliza. Mara moja tu nilimtazama wifi, naye alikuwa ananitazama, tukazidisha mwendo. Mshono wa mgongoni, ule wa kuunganisha nusu mbili, tuliushona sisi wote, mimi kutoka chini kwenda juu, yeye kutoka juu kwenda chini, kitambaa kikiwa kimetandazwa kati ya mashine mbili kama mtoto anayevutwa na wazazi wawili. Tulipokutana katikati, mwalimu akatazama simu. Uso wake ukabadilika.

«Bado dakika kumi,» akasema.

«Tumeisha,» nikasema.

«Hapana. Mukimaliza sasa, jibu litakuwa mubaya.»

Tukamtazama. Hakuwa anacheka. Basi wifi akafumua mfuko wa upande wake, nami nikafumua wangu, tukaishona tena mpaka simu ikalia. Saa mbili kamili. Mwalimu akapiga makofi, akatushika mikono. «Wasingya! Wasingya!» akatushukuru kwa Kinande, machozi yakiwa karibu.

Halafu akaivaa.

Upande wa kushoto ulimkaa kama ngozi. Upande wa kulia ulikuwa wa mtu mnene aliyemzidi urefu vidole vinne. Na mbele hapakuwa na hata kifungo kimoja. Mimi nilidhani vifungo viko upande wake, yeye alidhani viko upande wangu, kwa hiyo kila mmoja alikuwa ametoboa matundu matano mazuri sana. Matundu kumi yakatazamana.

«Nilisema nusu gani,» wifi akanong'ona.

Tukapata dawa: kufunga vifungo viwiliviwili, mgongo kwa mgongo, kila jozi ipite matundu mawili. Yeye alishika, mimi nikazungusha uzi. Jozi tano zilituchukua saa nzima na zaidi, kwa sababu sasa tulikuwa tunasaidiana. Mwalimu aliliona hilo, akafungua daftari, akalifunga. «Hii haiko mu programme,» akasema.

Tuliomba turekebishe urefu. Alikataa. Mtu hawezi, alisema, kupata jibu sahihi na bado kulifuta.

Akapanda barabara ya Beni amelivaa. Kwenye barrière, kizuizi cha njiani, alitusimulia aliporudi, askari alimzunguka mara mbili akamuuliza kwa Lingala: «Papa, ozali bato boni?», yeye ni watu wangapi. Mwalimu akajibu: «Babili, kwa saa mbili.» Askari akacheka sana, akamwachia njia. Na kwenye arusi, mjomba wa bibi arusi alilipenda koti lile kuliko keki. Wiki iliyofuata alifika Butembo, akataka lake, lenye kuinama upande vilevile. Lilituchukua siku nne. Kukosea kwa makusudi kunahitaji vipimo vingi, na ilibidi tuongee.

Siku ya mtihani nilijishonea blouse nyeupe na sketi ya bluu kama wanafunzi wote. Mlangoni kijana mmoja wa kusimamia akaniinamia: «Bonjour mama, basurveillants banapitia kule.» Alidhani mimi ni msimamizi; nikamwonyesha karatasi yangu ya mtahiniwa. Aliisoma mara tatu, akaniita mama kwa sauti ya chini zaidi.

Mafundi hawakutoka kwenye mtihani. Yalitoka mabomba ya maji: moja linajaza tangi kwa saa nne, lingine kwa saa kumi na mbili, yakifunguliwa pamoja je? Msichana wa meza ya pembeni akainua mkono.

«Pardon, hii robinet iko kartie gani?»

«Silence!» msimamizi akasema. Akatembea hatua mbili, akafikiri. «Hapana ya mitaa ya huku,» akaongeza.

Robo moja na sehemu moja ya kumi na mbili ni theluthi. Nikaweka alama kwenye tatu.

Matokeo yalikuja kwa simu ya mume wangu, mchana, atelier ikiwa na watu. Alisoma ujumbe, akanipa simu. Nilikuwa nimefaulu. Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda, lakini hiyo ni desturi ya vijana, nami nilikuwa tayari nimerudi kwenye mashine. Wifi alitoka, akarudi na kopo zima la poda ya mtoto, akanimwagia lote kichwani, kwenye nyusi, ndani ya kola. Kisha akasimama hajui afanye nini tena, akanikumbatia kidogo, akajipangusa.

Mteja mmoja akaingia akitaka zipu ya suruali. Nilimshonea nikiwa mweupe hivyo hivyo. Hakuuliza kitu, ila alipotoka alinipa mkono.